Ile Mudomo Nilipelekaka ku Vuhovi

Batu benye bananijua, banajua: nikisema niliona nyoka ya metre kumi, ukate tisa, ile yenye inabakia njo nyoka. Sikusomaka. Masomo ilinipitia juu sawa ndege ya kushuka ku kiwanja ya Rughenda, nilisikiaka tu makelele yake. Mais hii nitaisema vile ilikuwaka, na fasi nitatia chumvi utaisikia weye mwenyewe ku ulimi.

Bavijana ba hapa Beni banakujaka kuniuliza: "Muzee, niko na gitari ya mbao na sauti yangu tu, nitafute ampli ya namna gani ya kuikuza?" Bananiuliza juu gitari yangu inatokaka na sauti ya gitari, hapana ya bati. Nabauliza na miye: "Unataka basikie mbali, ao unataka bajue ni weye?" Banacheka, banazania ni mafumbo ya bazee. Hapana. Ni ulizo yenye fundi moja wa Butembo aliniulizaka mu vita, na miye niliijibu mubaya.

Gitari ilitokaka ku mikono ya mukubwa wangu. Mama alizaa siye babili tu, yeye na miye. Alikamata sanduku ya majani ya chai, akaipasua, akaitengeneza tumbo ya gitari. Kamba alizitosha ndani ya waya ya frein ya velo, ile ya kusimamisha baiskeli. Ile velo ilikuwa ya shemasi wa kanisa, na kesho yake shemasi alishuka mulima bila frein. Mupaka leo sijui kama alisimama.

Miye nilipigaka na kuimba sauti ya kwanza. Mukubwa aliimbaka ya pili. Alikuwa na desturi moja: mbele ya kuingia mu wimbo, anakohoa kidogo, sawa mutu anagonga mulango, kiisha anaingia nyuma yangu, amechelewa kidogo, kwa kusudi. Kwaya ilimufukuzaka juu ya ile kuchelewa. Mais kwetu Butembo, ku nyumba, ile kuchelewa njo ilikuwa utamu yote. Tulikuwa na wimbo moja yetu, ya mbuzi ya mama yenye ilikula kofia ya pasta siku ya ubatizo. Kila mavuno tuliiongeza fasi ingine, mbuzi ikavuka mito, ikaenda mupaka Kayna kuuzisha ile kofia, ikarudi imeoa. Inje ya nyumba yetu hakuna mutu duniani aliijua, na pasta alishukuru Mungu sana.

Kiisha vita ikafika. Sitasema bunduki zilikuwa za nani. Leo ni za hawa, kesho ni za bale, hata mbwa zilichoka kubweka, zikakuwa zinasalimia tu. Mukubwa alikuwa ameenda ku Vuhovi kuvuna maharagi mu shamba ya mama. Ile wiki basoda baliingia kule, na batu bote balikimbilia mu pori. Nyuma ya siku kumi bakaanza kurudi, babili, batatu, wamekonda, na majani mu nywele. Mukubwa hakurudi.

Kwetu, kama mutu amekufa, bajirani banaleta viti mbele ya kuleta maneno. Unaamuka unaona kiti ya kwanza mu kiwanja, unajua. Asubui moja niliona mama Beni-hivi-Beni-vile, jirani wetu wa karibu, namuita hivyo juu habari zake zote zilitokaka Beni, anakuja na kiti ku kichwa. Nyuma yake bengine, kila mutu na yake. Bakazipanga polepole, bila kusema. Mama akatoka ku jikoni. Akaangalia viti, kiisha akakamata ya kwanza, akaenda kuirudisha ku nyumba ya mwenyewe. Akarudi, akakamata ya pili.

"Mama, uache, sisi tutabeba," mujirani akasema.

"Mulileta bila kuniuliza, nitarudisha bila kubauliza," mama akajibu. "Mutoto wangu iko mu pori, anaogopa. Mutu wa kuogopa hapana maiti."

Alirudisha viti zote. Nitasema zilikuwa makumi tano. Kata, zilikuwa kumi na moja. Kiisha akakuja kusimama mbele yangu.

"Weye na ile sanduku yako ya chai," akasema. "Uende ku Vuhovi, umuimbie mbuzi."

"Yaani mbuzi yetu?"

"Musoda akiita jina yake, hatatoka. Miye nikiita, sauti haifiki. Ile mbuzi hakuna musoda anaijua. Akiisikia, atajua ni nyumbani."

Ilikuwa akili kubwa. Shida ilikuwa moja: sanduku ya chai haina nguvu. Inje, sauti yake haivuke hata bonde ya choo. Kati ya shamba yetu na pori kule kuko mabonde mbili. Donc nilienda kwa fundi.

Fundi alikuwa na chumba moja mu Butembo, imejaa radio zenye tumbo wazi. Aliongea polepole, sawa mutu anaogopa kuunguza waya. Nikamuelezea yote. Hakunicheka. Alivuta kwanza baffle mbili, zile sanduku kubwa za kutosha sauti, za orchestre moja yenye ilikuwa imekimbia vita ikaacha vitu vyake. Baffle moja ilikuwa na kimo yangu na tabia ya shangazi yangu. Akawasha groupe ya essence, ile mashine ya kuleta umeme, akaweka mikro mbele ya gitari, nikapiga. Tumbo ilinitetemeka. Kuku ya jirani ilitaga mayai mbili kwa mara moja, na mayai yenyewe ilikuwa inacheza.

"Ni nzuri," nikasema.

"Ni nzuri ndani ya nyumba," fundi akasema. "Ku milima inachoka mbio. Tena utabeba na nini? Na groupe inalia kuliko weye."

Kiisha akakamata radio-cassette ndogo. Akatosha kile kidude cha ndani ya telefone ya zamani, cha fasi ya sikio, akakibandika na nta ndani ya gitari, chini ya kamba, akaunga waya mu radio. Nikapiga polepole. Batu bangu, ilikuwa gitari yetu. Nilisikia hata kidole inateleza ku waya ya frein. Nikaimba mu mikro yake ndogo, nikakohoa, na kikohozi ikatoka sawa yangu, na makamasi yake.

"Hii inafika wapi?"

"Nyumba ya ine. Ya tano watauliza kama ni radio."

Mwisho akashusha juu ya kabati ile haut-parleur ya mudomo mupana, ile ya kufunga juu ya kanisa ya kuitia batu ku ibada. Siye bote tuliitaka Mudomo. Ilikuwa mukubwa sawa sufuria ya harusi tatu. Inakula batri ya gari, hapana essence.

"Hii njo inaenda mbali," akasema. "Weye taja mulima, itafika. Mais kaka, inakula tumbo ya sauti. Gitari itakuwa sawa mutu anakuna bati. Na yenye itaimba kule hapana weye. Ni Mudomo." Akakamata kitambaa. "Unataka basikie mbali, ao unataka bajue ni weye? Ni vitu mbili."

"Nataka mukubwa asikie. Akisikia, atajua."

Fundi akaipangusa na kitambaa, akanionyesha fasi moja ku bati, imebonyea. "Basoda baliiazima ku kanisa siku mbili, ile wiki ya Vuhovi. Balirudisha imegongwa hivi, kanisa ikaniletea. Toka pale iko na nzi ndani, zzz, kila neno na nzi yake. Nilijaribu kuitosha, imekatala."

"Iache," nikasema. "Ile nzi itaimba sauti ya pili."

Na nikacheka. Nilicheka vizuri, mupaka nikashikilia mulango. Sikuuliza basoda baliazima Mudomo ya kanisa ya kuita nani. Kweli, na fundi hakusema. Pengine alizania najua. Pengine hakutaka kujua na yeye.

Kesho yake nilifunga batri, Mudomo na gitari juu ya chukudu, ile pikipiki yetu ya mbao yenye moteri yake ni miguu, nikasukuma mupaka Vuhovi. Nilifika shamba ya mama mu saa ya ukungu kuondoka. Maharagi ilikuwa imekauka ku miti, inasubiri. Jembe ya mukubwa ilikuwa imesimama katikati ya shamba, mupini juu, sawa aliiacha ya kwenda kujisaidia. Sikuigusa. Nilifunga Mudomo ku muti wa avoka, nikaugeuza ku pori.

Juu ya pori kulikuwa na moshi tatu ndogo, nyembamba. Nikafurahi. Nikasema: ile moja wapo ni yake, anachoma kiazi, ataunguza sawa desturi yake.

Nikaimba. Na sauti yenye ilitoka ku ile kitu, nakuapia, sikuijua. Ilienda ikagonga mulima ya kwanza, ya pili, ikavuka Uganda bila karatasi, ikarudi kwangu imezeeka. Mbuzi ya mama ilikuwa inalia sawa mutu wa serikali. Kila neno na nzi yake. Fasi ya sauti ya pili, niliacha wazi. Nikasikiliza. Hakuna kikohozi.

Mais moshi ya kwanza ikazimika. Nilipofika fasi ya Kayna, ya pili ikazimika. Kiisha ya tatu. Nikaruka juu na furaha, nikasema peke yangu: "Banazima moto, banafunga mizigo, banakuja." Nikaimba na nguvu, nikafikisha ile mbuzi mupaka Kinshasa, nikaiweka kuwa waziri. Niliimba mupaka batri ikakufa, nzi ikabakia kidogo, kiisha na yenyewe ikakufa.

Hakuna mutu alitoka. Nilirudi Butembo mbele ya jua kuanguka. Kesho yake nikarudilia na batri ingine. Ile siku hapakuwa moshi hata moja, tangu asubui. Pori ilikuwa kimya, hata ndege zake zilikuwa zinatembea na miguu. Niliimba kwa pori yenye haikuonyesha mutu, na nilimwambia mama: "Wamekaribia, njo juu hatuone moshi tena."

Wiki tatu zikapita. Siku moja, saa ya mangaribi, tuko nje, mwanamuke mumoja akaingia mu kiwanja. Ni mwenye shamba yenye kufuata yetu kule. Alitokaka mu pori juzi yake. Mama akamupa fasi ku kinu, hakumupa kiti. Mwanamuke akaangalia gitari ku ukuta, akaniangalia miye ku mugongo, kweli, alinizunguka kidogo, akaangalia mugongo yangu.

"Donc uko muzima," akasema. "Bale batu balikuacha?"

"Batu gani?"

"Benye balikuimbisha."

Nikacheka, juu sikujua kitu ingine ya kufanya na sura yangu. "Hakuna mutu aliniimbisha. Nilikuwa peke yangu."

Kiisha akaeleza, anaangalia mama, hapana miye. Ile wiki ya kwanza, basoda balikuja ku mulima na Mudomo. Baliita: vita imeisha, mutoke, mukuje kuandikwa. Benye balitoka kuandikwa, hakuna mumoja alirudi. Benye balibakia mu pori balishika ile sauti mu masikio, na nzi yake.

"Kiisha ikakuja ingine siku," akasema. "Nzi ileile. Tukazima moto mbio. Mukubwa wako akasimama. Akasema, hii ni mbuzi yetu, hii ni mudogo wangu. Tukamwambia, sikiliza vizuri, ni ile Mudomo. Akasikiliza. Akasema tena: ni yeye, mais bamemuwekea bunduki ku mugongo. Ona vile sauti yake imegeuka. Bananitafuta na sauti ya mudogo wangu."

Mama akauliza: "Alifanya nini?"

"Alitaka kutoka. Tulimushika, balume bane. Kila fasi huyu mutoto wako alinyamaza, mama, yeye alikohoa. Kidogo, mu mukono. Aliimba ndani ya mukono, hatukusikia, tuliona tu mabega yake. Asubui tuliamuka, hayuko."

"Alishika njia gani?"

"Ziko mbili pale. Moja inashuka ku shamba yenu, fasi Mudomo ilikuwa inalia. Ingine inazungukia mu pori, inatokeaka Beni. Hatukuona alama ya miguu yake. Ilinyesha."

Nilirudi ku Vuhovi mukono mutupu, bila Mudomo, bila hata gitari. Nilitafuta mu shamba, chini ya avoka, mu mufereji. Sikuona kitu, asante Mungu, na asante ile ni ya kuumiza. Maharagi ilikuwa pale. Jembe haikuwa. Ni shimo yake ndogo tu ilibakia, na maji ya mvua ndani.

"Mwizi," nikamwambia mama.

"Mwizi gani anakamata jembe anaacha maharagi?" akasema. "Yeye mwenyewe njo aliikamata. Mutu wa kwenda kufa habebe jembe. Alienda Beni kulima ya batu." Akaingia ku nyumba kufunga mikeka. Sijawahi kuona mutu anachagua njia ya mutoto wake na nguvu vile. Na miye sikumuuliza: kama alikamata jembe asubui ile, ni kusema alipitia ku shamba. Ni kusema alikujaka ku sauti, na miye sikukuwa nimefika bado, ao nilikuwa nimekwisha kwenda.

Nikarudisha Mudomo kwa fundi. Akanipa ile radio-cassette, na kidude ya telefone bado na nta yake, akasema: "Hii inafika nyumba ya ine."

"Basi nitatembea," nikajibu.

Njo vile tulikujaka Beni, na njo vile nilitembeaka Beni yote. Nyumba ine, nasimama, napiga. Nyumba ine tena, napiga. Kama Mungu angenipa Mudomo ya sauti yangu mwenyewe, ningeimba mara moja nikae. Hakunipa, nilipata miguu. Kuna siku niliimba ile mbuzi mara mia mbili. Kata, makumi mbili. Sauti ilitoka na ukweli wake wote, kidole, pumuzi, kukwaruza ya waya ya frein. Kila fasi ya sauti ya pili, niliacha wazi.

Batu bakaanza kupenda. Bakaniita ku ndoa, ku ubatizo. Wenye nyumba banawekaka viti ya basikilizaji, na mama, mupaka hii miaka yake ya uzee, anafika wa kwanza, anakamata kiti moja moja, anazirudisha ndani. Donc kwangu batu banasikilizaka wamesimama. Banasema ni heshima. Na vijana benye banataka kunipigia ngoma nyuma yangu, nabakatalia, sitaki mutu nyuma. Banasema ni kiburi ya vedette, ya mutu wa sifa.

Na miye nikiimba, nazunguka. Polepole, sawa kuku ku moto. Mbele, kando, mugongo, kando ingine. Nilianzaka siku ya kwanza ya Beni na sijaachaka. Batu ba hapa banasema ni style yangu, bengine bameiiga, niliona orchestre nzima ya balume kumi inazunguka, hakuna mumoja anajua juu ya nini. Nafurahi kwao. Miye nazunguka juu, kama mukubwa iko pale, nyuma ya ukuta fulani, ku nyumba ya ine, aone mugongo yangu yote. Aone hakuna mutu.

Mara moja, mu kiwanja ya ubatizo, niliacha ile fasi wazi, na mu radio ikatoka kikohozi. Kidogo. Sawa mutu anagonga mulango. Haikukuwa yangu. Batu bote wamesimama, hakuna aliyegeuka. Fundi angeniambia nta imeachia, kidude imegusa mbao. Pengine. Sijaibandika tena vizuri toka ile siku, na sitaibandika.

Shida ya kuzunguka ni waya. Inanifunga ku miguu, mara ine, mara tano, mupaka siwezi kupiga hatua. Basikilizaji banacheka sana, na miye nacheka nao. Pale mama ananiita kutoka ku mulango, fasi anasimamaka, sura yake nje ku njia.

"Rudilia upande ingine," anasema. "Polepole. Asione mara moja tu."

Basi nafungua waya, nazunguka ya kurudi.